Alama ya Nne

Alikuja na daftari la miraba, kalamu mbili,
na chupa ya chai isiyo na sukari.
Bwana Chiu, mpima njia ya reli.
Mimi, Nyanzala, mwalimu wa chekechea mstaafu,
nililipwa kwa saa, pale kambini nyuma ya Malolo,
nimfundishe kuongea na watu wa Tabora.

"Mzima?" Nilianza nalo, maana ndilo la mlangoni.
Akachora alama moja ya kwao, nyeusi, imenyooka:
afya.
Wiki ya pili nikamwambia, nimekungoja siku nzima.
Akaitazama alama yake, akanitazama mimi.
"Siku nayo huugua?"

Nilicheka hadi kilemba kikafunguka.
Siku nzima ni siku ambayo haijamegwa,
toka jogoo hadi popo.
Alama ya pili.
Na mtu mzima ni yule asiyeambiwa kanawe.
Alama ya tatu.
Kwao kila maana ina chumba chake na kitasa;
kwetu kitanda kimoja, zinalala mzungu wa nne.

Kijiji kizima, nikamwonya. Yai zima. Watu wazima.
"Linabadili kofia," akasema.
Ndiyo, kama karani wa stesheni.

Jumamosi akaenda sokoni peke yake,
kifua mbele, mtu anayejua kuomba.
Alitaka kuku mzima, asikatwekatwe, wa kuokwa.
Akarudi kwa bodaboda na kuku mzima,
miguu imefungwa katani, anamdonoa dereva mgongoni.
Alama ya nne: hai.
Hakumchinja. Alimfungulia nyuma ya jiko
akamwita Mwalimu.
Sikununa.

Novemba, mvua za kwanza, udongo unateleza
upande wa Igalula, lori la mataruma likarudi nyuma.
Mihayo Kasanda alikuwa mshika fito wake,
kijana aliyemzoesha michembe kwa karanga.
Simu ilianza kwangu. Nikauliza, nikajibiwa,
nikampigia Bwana Chiu:
"Mihayo ni mzima."
Alishukuru mara tatu. Nilimsikia akicheka.

Kitete, wodi ya wanaume, saa kumi jioni.
Akaingia na mfuko wa machungwa.
Shuka lilikuwa tambarare
pale ambapo goti la kushoto lingeinuka.
Hakusema kitu. Alitoa daftari,
akafungua ukurasa ule, akaweka kidole
juu ya alama ya pili.
"Ulisema."

Nilisema.
Miaka thelathini na sita nimeshika chaki
na sijawahi kuona neno langu likinigeukia vile.
Sisi tukiuliza mzima, huuliza pumzi kwanza;
mengine tunayakuta kitandani.
Ni adabu? Ni woga? Sijui, na siku ile sikujua.
Nikachukua kidole chake, nikakisogeza
hadi kwenye alama ya kuku.

"Mnabishana nini?" Mihayo akauliza.
Chiu akamjibu, kwa Kiswahili chake
cha kupimwa kwa futi:
"Tunabishana wewe uko wapi."
"Niko hapa. Menya chungwa."

Machi, Mihayo akaja kambini kwa magongo
kuulizia fidia. Karatasi, akaambiwa, bado ziko Dar.
Chiu alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko
anapapasa chini ya Mwalimu.
"Mzima?" akamsalimu, halafu akasita,
kama aliyekanyaga waya.

"Ya ngapi?" Mihayo akauliza.

Chiu akahesabu kwa vidole. Akaonyesha vinne.

"Hiyo, mzima."
Akaketi juu ya ndoo, akaegemeza magongo ukutani.
Akapewa mayai kumi na moja katika kofia ya kazi:
kumi mazima,
na moja lenye ufa, la kukaanga leoleo.